Kwaki Nzito Zinapofungana

Kwakonia ni chembe inayopatikana pale kwaki nzito inapofungana na antikwaki ya aina yake, zikazungukana kwa muda mfupi mno kabla ya kuangamizana. Kwaki ni punje za msingi: kwa vipimo vyote vilivyofanywa hadi leo, ndani yake haijaonekana punje nyingine ndogo zaidi. Antikwaki ni kinyume cha kwaki, yenye masi ileile lakini chaji iliyogeuzwa. Katika vitu vyote vinavyoshikwa na kani kali, ile kani inayofunga viini vya atomu, kwakonia ndiyo inayokubali hesabu kwa urahisi zaidi, na urahisi huo unaletwa na uzito. Kwaki nyepesi hukimbia karibu na mwendo wa mwanga na kuibua nyingine njiani, hata kuzihesabu huwa ni vurugu. Kwaki nzito huenda polepole. Kwa hiyo mlinganyo ambao Erwin Schrödinger aliutunga mwaka 1926 kwa ajili ya atomu unatosha kuzifuata kwa usahihi wa kuridhisha. Karibu kila kitu kinachofahamika juu ya kwakonia kinatokana na polepole hiyo.

Shaba na masi yake

Jamii moja kati ya jamii mbili kubwa za kwakonia iligunduliwa kwa kupiga shaba. Mwaka 1977, katika maabara ya Fermilab karibu na Chicago, kundi lililoongozwa na Leon Lederman lilirusha protoni zenye nishati ya GeV 400 kwenye vipande vya shaba na platini, kisha likahesabu jozi za miuoni zilizotoka upande wa pili. Miuoni ni ndugu mzito wa elektroni. Jozi zilirundikana mahali pamoja, karibu na GeV 9.5, na rundo hilo likawa chembe mpya iliyoitwa Upsilon.

Shaba ni metali ambayo wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, inaijua vizuri. Reli ilifika mji wa Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya mgodi wa Kilembe, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 madini yaliyotoka chini ya milima ya Rwenzori yalisafirishwa kwa treni kwenda kuyeyushwa Jinja. Kila atomu ya shaba hiyo ina protoni 29 katika kiini, na kila protoni ina kwaki tatu: mbili za aina ya juu na moja ya aina ya chini. Majina hayo hayaonyeshi mahali. Ni vitambulisho tu.

Masi ya chembe hupimwa kwa gigaelektronivolti, GeV, ambayo ni MeV 1,000. Protoni ina MeV 938. Kwaki zake tatu zikijumlishwa masi zao, hazizidi sana MeV 9, yaani karibu asilimia moja. Sehemu iliyobaki ni nishati: mwendo wa kwaki zenyewe na uga wa gluoni, chembe zinazobeba kani kali, unaozifunga. Shaba ya Kilembe, chumvi ya Ziwa Katwe na mwili wa mtu anayeibeba kwa hiyo vina uzito unaotokana karibu wote na pilikapilika za ndani ya protoni na nyutroni, na sehemu ndogo tu ni ya punje zenyewe.

Katika kwakonia hali hugeuka. Kuna aina sita za kwaki. Tatu ni nyepesi: juu, chini na ngeni. Tatu ni nzito: haiba, inayoandikwa c, yenye karibu GeV 1.27, urembo, inayoandikwa b, yenye karibu GeV 4.18, na kilele, t, yenye karibu GeV 173. Kwaki mbili za haiba zikijumlishwa hutoa zaidi ya asilimia 80 ya masi ya chembe zinayoiunda. Hapo uzito uko kwenye punje zenyewe, na kifungo huongeza kidogo tu. Jozi ya haiba na kinyume chake huitwa chamonia. Ile ya urembo huitwa botomonia, na Upsilon ni mojawapo.

Novemba 1974

Chamonia ilitangazwa tarehe 11 Novemba 1974, na makundi mawili kwa pamoja. Kundi la Samuel Ting lilikuwa likipiga berili kwa protoni katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, na kuangalia jozi za elektroni na positroni, yaani kinyume cha elektroni, zilizotoka. Kundi la Burton Richter, huko Stanford, California, lilifanya kinyume: liligonganisha elektroni na positroni ndani ya pete iitwayo SPEAR na kuangalia kilichozaliwa. Elektroni hizo zilipewa kasi ndani ya bomba la shaba lenye urefu wa kilomita tatu. Wote wawili walikuta chembe ileile yenye GeV 3.097. Ting aliiita J, Richter akaiita psi, na mpaka leo inaitwa J/psi kwa sababu hakuna aliyekubali kuacha jina lake. Mwaka 1976 walipewa pamoja Tuzo ya Nobeli.

Kwaki ya haiba yenyewe haikuwa jambo la ghafla kwa wanadharia. James Bjorken na Sheldon Glashow waliipa jina mwaka 1964, na mwaka 1970 Glashow, John Iliopoulos na Luciano Maiani walionyesha kwamba bila kwaki ya nne baadhi ya mioza ya chembe ngeni ingetokea mara nyingi kuliko inavyoonekana. Hata ushahidi wa mapema ulikuwapo: mwaka 1971 Kiyoshi Niu na wenzake wa Japani waliona, kwenye bamba za picha zilizopandishwa angani kwa ndege ya mizigo, alama za chembe ambayo baadaye ilieleweka kuwa na haiba.

Kilichowashtua watu mwaka 1974 kilikuwa maisha ya J/psi. Chembe inayooza kwa kani kali hufa upesi sana, na kadiri inavyokufa upesi ndivyo masi yake inavyosambaa, kwa sababu kitu kisichodumu hakina nishati iliyo kamili. Mesoni ni chembe ya kwaki na antikwaki; ile nyepesi iitwayo rho imesambaa kwa karibu MeV 150. J/psi, yenye masi mara nne ya rho, imesambaa kwa MeV 0.093 tu. Ni nyembamba mara 1,600, na hivyo huishi muda mrefu zaidi kwa kiwango hichohicho: takribani sekunde 7 zikigawanywa kwa 1 yenye sifuri 21. Kwa binadamu muda huo si kitu. Kwa kipimo cha kani kali ni uzee.

Maelezo yake ni mazuri na yanafaa kufuatwa hatua kwa hatua. Njia rahisi ya chamonia kuvunjika ni kwaki zake mbili kuachana, kila moja ikajitwalia mwenzi mwepesi na kuwa mesoni D. Lakini mesoni D nyepesi kuliko zote ina GeV 1.865, na mbili zinahitaji GeV 3.730. J/psi ina 3.097. Haina nishati ya kutosha kuachana. Inalazimika kwaki na antikwaki yake zikutane na kuangamizana zikawa gluoni. Gluoni moja haiwezekani, kwa kuwa gluoni ina rangi, ile chaji ya kani kali, na J/psi haina. Mbili zinazuiwa na kanuni ya kubadilisha chembe kuwa kinyume chake. Hivyo zinahitajika tatu, na kila gluoni inayoongezwa hupunguza uwezekano, maana kani kali huwa dhaifu kwenye umbali mfupi. Udhaifu huo ndio David Gross, Frank Wilczek na David Politzer walioueleza mwaka 1973, na ndio uliowapa Nobeli mwaka 2004. Politzer na Thomas Appelquist ndio walioona kwamba jozi ya kwaki nzito ingefanana na positronia, ile atomu ya elektroni na positroni, na jina chamonia limefuata mfano huo.

Uthibitisho wa hoja hii uko juu kidogo tu ya mpaka wa GeV 3.730. Kuna chamonia yenye GeV 3.774, nayo imesambaa kwa karibu MeV 27, mara 290 ya J/psi. Mara nishati ya kuachana inapopatikana, kwaki huachana.

Kani isiyochoka

Kifungo cha kwaki nzito hueleweka kwa sehemu mbili. Zikiwa karibu sana, kwaki hubadilishana gluoni moja moja na kuvutana kama chaji za umeme: umbali ukipungua nusu, kani huongezeka mara nne. Zikiwa mbali, mambo huwa tofauti kabisa na umeme. Mistari ya uga wa umeme husambaa angani. Mistari ya uga wa gluoni huvutana yenyewe kwa yenyewe, ikajikusanya kuwa kamba nyembamba kati ya kwaki na antikwaki. Kamba hiyo huvuta kwa kani ileile, iwe ndefu au fupi.

Kipimo cha mvuto wake ni takribani GeV 0.9 kwa kila femtometa. Femtometa ni mita moja ikigawanywa kwa 1 yenye sifuri 15. Ikigeuzwa kuwa uzito wa kawaida, kani hiyo ni karibu tani 15. Hiyo ni mifuko 300 ya saruji ya Hima, kilo 50 kila mmoja: mzigo mzima wa lori linalosubiri ukaguzi pale Mpondwe, nje kidogo ya Bwera, kabla ya kuvuka mpaka kwenda Kasindi, upande wa Kongo. Uzito wote huo unaning'inia kati ya punje mbili zilizo ndani ya nafasi ndogo kuliko protoni.

Kwa sababu kamba haichoki, kwaki haiwezi kutolewa peke yake. Kila femtometa ya ziada hudai nishati ya GeV 0.9, na nishati inapotosha, kamba hukatika kwa kuzaa kwaki nyepesi na antikwaki yake pale ilipokatika. Vipande viwili vya kamba huwa na ncha nne, na hakuna ncha isiyo na kwaki.

Mwaka 1975 wanafizikia sita wa Chuo Kikuu cha Cornell, Estia Eichten, Kurt Gottfried, Toichiro Kinoshita, John Kogut, Kenneth Lane na Tung-Mow Yan, waliziunganisha sehemu hizo mbili katika mlinganyo mmoja wa nishati: sehemu moja inapungua kwa umbali kama umeme, nyingine inaongezeka sawasawa na umbali. Unaitwa potensho ya Cornell. Sehemu mbili hizo huwa na kani sawa karibu na femtometa 0.3. Katika J/psi umbali wa kawaida kati ya kwaki mbili ni kama femtometa 0.5, kwa hiyo kamba ndiyo inayotawala zaidi. Katika Upsilon umbali ni kama 0.28, na hapo mvuto wa umbali mfupi unashika usukani. Jamii hizi mbili zinapima pande mbili za kani moja, na hilo ndilo linalozifanya ziwe na thamani kubwa zikisomwa pamoja.

Hesabu ya penseli

Jambo moja katika vipimo liliwashangaza wote. Chamonia ya kwanza yenye spini moja ni J/psi, GeV 3.097, inayofuata kwa ngazi ina GeV 3.686. Tofauti ni MeV 589. Upsilon ya kwanza ina GeV 9.460 na ya pili GeV 10.023. Tofauti ni MeV 563. Kwaki ya urembo ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko ya haiba, lakini ngazi zake zimeachana kwa umbali uleule karibu. Mvuto wa aina ya umeme peke yake ungefanya nafasi ya ngazi ikue sawasawa na masi. Kamba peke yake ingeifanya ipungue masi inapoongezeka. Zikiwa pamoja, katika eneo hili, hukaribia kufutana.

Chris Quigg na Jonathan Rosner walionyesha mwaka 1977 kwamba kuna umbo moja la potensho ambalo hutoa nafasi sawa kabisa bila kujali masi: logarithimu ya umbali. Katika potensho hiyo, kani ikizidishwa kwa umbali hutoa namba isiyobadilika, na namba inayolingana na vipimo ni karibu GeV 0.73. Hapa msomaji mwenye penseli anaweza kwenda mbali. Katika kifungo kilichotulia, nishati ya mwendo kwa wastani ni nusu ya kani ikizidishwa kwa umbali. Nusu ya 0.73 ni karibu 0.37. Hiyo ndiyo nishati ya mwendo ya kwaki mbili pamoja, iwe ni za haiba au za urembo.

Nishati hiyo ni masi ya kwaki moja ikizidishwa kwa mwendo kipeo cha pili, mwendo ukipimwa kwa sehemu ya mwendo wa mwanga. Modeli za aina hii hutumia masi ya GeV 1.5 kwa haiba na kama 4.7 kwa urembo; thamani za 1.27 na 4.18 zilizotajwa juu zinatokana na kanuni nyingine ya kufafanua masi, kwa sababu kwaki haiwekwi kwenye mizani peke yake. Gawanya 0.37 kwa 1.5: inapatikana 0.25, yaani mwendo wa nusu ya mwanga. Gawanya kwa 4.7: inapatikana 0.08, mwendo usiofika theluthi moja ya mwanga. Hivyo botomonia inafuata mlinganyo wa Schrödinger kwa makosa madogo, na chamonia kwa makosa yanayoonekana lakini yanayoweza kurekebishwa. Hesabu hii ya mistari mitatu inabeba nusu ya nadharia.

Marekebisho ya kwanza ni ya spini. Kila kwaki huzunguka kama pia ndogo. Pia mbili zikielekea upande mmoja hupatikana J/psi. Zikipingana hupatikana eta-c, yenye GeV 2.984, pungufu kwa MeV 113. Tofauti ya namna hiyohiyo katika atomu ya hidrojeni ndiyo inayotoa mawimbi ya redio ya sentimita 21 ambayo wanaastronomia huyatumia kuchora ramani ya Njia Nyeupe. Kwa botomonia tofauti ni ndogo zaidi, kama MeV 61, kwa kuwa nguvu ya sumaku ya kwaki hupungua masi inapoongezeka. Mwenzi huyo wa Upsilon, eta-b, alichukua miaka 31 kupatikana: aliripotiwa na kundi la BaBar mwaka 2008. Kati ya ngazi ya kwanza na ya pili kuna chembe nyingine tatu, chi, ambazo kwaki zake huzungukana kwa mzunguko wa kweli. Katika chamonia zina GeV 3.415, 3.511 na 3.556. Ngazi zote hizi zimepimwa, na potensho ya Cornell huzipata karibu zote kwa namba chache tu za kuanzia.

Penye haki pasemwe pia udhaifu. Mlinganyo wenye namba tatu za kurekebisha unaweza kulingana na masi nyingi bila kuwa sahihi ndani yake. Mtihani mkali zaidi ni kuhesabu mambo ambayo hayakutumika kuchagua namba hizo: mara ngapi J/psi inaoza kuwa miuoni mbili, jambo linalotokea karibu mara 6 katika kila 100, au mwanga kiasi gani hutolewa chi inaposhuka kuwa J/psi.

Msingi imara zaidi ulijengwa baadaye. William Caswell na Peter Lepage mwaka 1986, kisha Geoffrey Bodwin, Eric Braaten na Lepage mwaka 1995, waliitoa nadharia ya mwendo mdogo moja kwa moja kutoka kwenye nadharia kamili ya kwaki na gluoni. Walitenganisha vipimo vitatu: masi ya kwaki, masi ikizidishwa kwa mwendo, na masi ikizidishwa kwa mwendo kipeo cha pili. Kila kimoja ni kidogo sana kuliko kilichotangulia, kwa hiyo kinaweza kushughulikiwa peke yake, na kosa linalobaki linaweza kukadiriwa. Upande mwingine, Kenneth Wilson alipendekeza mwaka 1974 kuigawa nafasi na wakati kuwa vyumba vidogo kama wavu na kuiachia kompyuta kazi. Kompyuta kubwa sasa huzaa potensho ya Cornell kutoka kwenye wavu huo bila kuambiwa umbo lake, na kamba inaonekana ndani ya hesabu.

Kalamu, kompyuta na jirani

Sehemu hii ya fizikia ina sifa ambayo nyingine nyingi hazina: inaweza kufanywa bila mashine kubwa. Mlinganyo wa Schrödinger wenye potensho ya Cornell hukatwa kuwa hatua elfu moja za umbali, kila hatua ikahesabiwa kutoka ile iliyotangulia, na ngazi za nishati zikatafutwa kwa kujaribu mpaka wimbi litulie mbali na kitovu. Kompyuta ya mkononi ya kawaida huimaliza kazi hiyo kwa sekunde chache. Nchini Nigeria na Misri wanadharia wamechapisha makala nyingi za masi za kwakonia kwa njia za kalamu, hasa ile ya Nikiforov na Uvarov inayogeuza mlinganyo kuwa umbo linalojulikana. Kazi hizo zina thamani zaidi zinapovuka masi na kufikia mioza, kwa sababu iliyotajwa hapo juu.

Kwa mwanafunzi wa Kasese au Bwera, kituo cha karibu cha nadharia ya namna hii kiko Kigali, safari ya barabara kupitia Mbarara na Kabale. Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, ilianza mwaka 2018 kama mshirika wa kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, na hutoa shahada za uzamili na uzamivu katika fizikia. Miaka miwili kabla yake, mwaka 2016, Kigali ilipokea Shule ya Afrika ya Fizikia ya Msingi, mafunzo yanayozunguka bara tangu yalipoanzia Stellenbosch mwaka 2010.

Juu ya Rwenzori

Chamonia huzaliwa pia bila mashine yoyote. Protoni kutoka anga za mbali hugonga hewa juu ya dunia usiku na mchana, na zile zenye nishati ya kutosha zinaweza kutengeneza J/psi. Protoni inayogonga protoni iliyotulia inahitaji nishati ya jumla ya karibu GeV 12.2 ili protoni zote mbili zibaki na J/psi ipatikane juu yake.

Hapa latitudo ya Kasese inaleta jambo la kupendeza. Ikweta inakatiza wilaya hiyo, na kibao chake kiko kando ya barabara ya Mbarara, kusini mwa mji. Karibu na ikweta mistari ya sumaku ya dunia imelala sambamba na ardhi, na protoni inayoshuka wima lazima iikate yote. Zile dhaifu hupindwa na kurudishwa angani. Inayofaulu kufika juu ya Kasese ina angalau GeV 14 hivi. Kwa maneno mengine, kila protoni inayoshuka wima kutoka angani juu ya Rwenzori imevuka mpaka wa kutengeneza J/psi, jambo ambalo si kweli kwa nchi za kaskazini, ambako protoni dhaifu hupita. Kuvuka mpaka hakumaanishi kuzaa: kwa nishati ndogo hivyo J/psi hutokea mara chache mno kwa kila mgongano, na kazi kubwa hufanywa na protoni chache zenye nishati nyingi zaidi.

Milima mirefu ilikuwa maabara za kwanza za fizikia hii. Mwaka 1947 César Lattes alipeleka bamba za picha kwenye mlima Chacaltaya, Bolivia, zaidi ya mita 5,000 juu ya bahari, na akapata alama za mesoni pai. Kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, kiko karibu na kimo hichohicho.

Zaidi ya jozi

Kwa miaka karibu 30 ngazi za chamonia zilijazwa moja baada ya nyingine kama ilivyotarajiwa. Mwaka 2003 kundi la Belle, Japani, lilipata chembe yenye GeV 3.872 isiyokaa kwenye ngazi yoyote. Masi yake inalingana, kwa usahihi wa kustaajabisha, na jumla ya mesoni D na mwenzake aitwaye D nyota. Huenda ni mesoni mbili zilizoshikana kwa ulegevu, huenda ni kwaki nne katika fungu moja. Mjadala bado upo. Tangu hapo maabara ya CERN imetangaza chembe zenye kwaki tano zikiwemo haiba mbili, mwaka 2015. Barioni, yaani chembe ya kwaki tatu, yenye kwaki mbili za haiba, mwaka 2017. Na mwaka 2020 kitu chenye GeV 6.9 kinachooza kuwa J/psi mbili. Potensho ya jozi haitoshi kwa chembe hizi. Nadharia ya polepole bado inasaidia, lakini kamba sasa ina matawi.

Kwakonia pia hutumika kama kipimajoto. Tetsuo Matsui na Helmut Satz walisema mwaka 1986 kwamba ndani ya mchuzi wa moto wa kwaki na gluoni, uliokuwapo katika mikrosekunde za kwanza baada ya kuanza kwa ulimwengu, kamba ingeyeyuka na J/psi isingeweza kufungika. Viini vya risasi vinapogonganishwa CERN, Upsilon ya pili na ya tatu hupungua sana kuliko ya kwanza. Kubwa na legevu huyeyuka kabla ya ndogo iliyokaza, kama hesabu ya umbali ilivyotaka.

Imebaki kwaki ya kilele. Ni nzito kuliko zote, na ingefaa kuwa rahisi kuliko zote, lakini hufa kwa kani dhaifu ndani ya sekunde 5 zikigawanywa kwa 1 yenye sifuri 25. Muda huo hautoshi kukamilisha mzunguko mmoja wa kifungo. Kwa hiyo iliaminika kwamba toponia, yaani jozi ya kilele na kinyume chake, haitaonekana kamwe. Mwaka 2025 kundi la CMS, kisha la ATLAS, yote ya CERN, yaliripoti kwamba jozi za kilele zinazaliwa kwa wingi uliozidi matarajio pale nishati inapokuwa karibu na mara mbili ya masi yake, yaani karibu GeV 345. Ziada hiyo inalingana na kifungo kilichoanza kufanyika kikakatizwa na kifo cha kwaki moja. Kwenye umbali huo mfupi kamba haina kazi yoyote. Kinachobaki ni mvuto wa gluoni moja, ile sehemu ya kwanza ya mlinganyo wa Cornell peke yake.